Damu Kwenye Mkojo wa Mvuvi: Kichocho na Uvuvi wa Maji Baridi Chini ya Uwanda wa Makonde

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu kutoka Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na baadaye akapanda Newala. Miongoni mwa masimulizi aliyoyakusanya ni lile la asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake porini, alichonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha, nao ukapata uhai. Watoto waliozaliwa karibu na maji ya bondeni walikufa. Aliyezaliwa juu, penye vichaka vya uwandani, akaishi. Wazao wao wakaachiwa wosia wa kutojenga kando ya mito mikubwa wala penye maji yaliyotuama, kwa kuwa huko ndiko yanakotoka maradhi na vifo.

Daktari wa leo hana sababu ya kuucheka wosia huo. Aliyeuweka hakujua habari za mbu wala konokono, lakini aliona kwamba watu wa bondeni huugua kuliko watu wa juu, akaifanya hekima hiyo kuwa sheria ya makazi. Uwanda wa Makonde umefunikwa na udongo wa kichanga unaoyanywa maji ya mvua yote, hata pasibaki kijito wala ziwa juu yake. Chemchemi hutokeza chini, kwenye miguu ya genge. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka na vyombo vichwani na kupanda tena, safari iliyokula nusu ya siku, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950 kuyasukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu. Hata sasa nyumba nyingi za uwandani zina kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Wosia ulihusu makazi, haukuhusu chakula. Mtu anayesimama Shimo la Mungu, pale Newala ambapo ardhi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma hufunguka mpaka Msumbiji, anatazama shamba, mto na kitoweo kwa pamoja. Watu wa Newala, Makote na Kitangari wamekuwa wakishuka miaka yote, na wale wa upande wa Masasi, ambako miamba mikubwa huchomoza kutoka kwenye nchi tambarare, wana vijito, mabwawa na malambo yao. Maji hayo yana perege, kambale na ningu. Pale ambapo baharini ni mbali na nyama hailiwi kila wiki, samaki wa maji baridi ni sehemu ya afya ya mtoto, na makala hii haina nia ya kumwondoa mvuvi majini. Nia yake ni kueleza gharama ambayo mvuvi huilipa bila kujua, na jinsi ya kuipunguza.

Gharama hiyo ni kichocho, na hasa kichocho cha njia ya mkojo, kinacholetwa na mnyoo uitwao Schistosoma haematobium. Daktari Theodor Bilharz aliugundua jijini Kairo mwaka 1851. Mwambao wa Tanzania, visiwa vya Unguja na Pemba na mikoa ya kusini ni miongoni mwa maeneo yake ya asili. Kichocho cha utumbo, ambacho ni cha mnyoo mwingine wa ukoo huohuo, kimetawala zaidi kando ya Ziwa Viktoria. Tofauti hiyo ina maana kwa mhudumu wa afya: mtu wa Masasi au Newala achunguzwe mkojo kwanza, hata kama vitabu na mabango mengi yanazungumzia choo.

Mzunguko wa ugonjwa unafahamika vizuri, lakini inafaa uelezwe tena kwa jicho la mvuvi. Mtu mwenye minyoo anapokojoa majini, mayai huanguliwa na kutoa vimelea vinavyomtafuta konokono mdogo wa jamii ya Bulinus. Ndani ya konokono huongezeka kwa maelfu kwa muda wa wiki kadhaa. Kisha hutoka na kuogelea, vikimtafuta binadamu. Havina haja ya kidonda wala mdomo, kwani hupenya ngozi nzima kwa dakika chache tu, na visipompata mtu hufa baada ya siku moja au mbili. Vilivyofanikiwa hukua kuwa minyoo dume na jike, huhamia kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na huko huishi miaka, kwa kawaida mitatu hadi kumi, jike akitaga mayai kila siku. Yapo mayai yatokayo na mkojo, na yapo yanayonasa kwenye nyama za mwili. Hayo yaliyonasa ndiyo yanayoleta maradhi, kwa sababu mwili huyazingira kwa uvimbe na makovu.

Konokono huyu hapendi maji yaendayo kasi. Mkondo mkuu wa Ruvuma wakati wa mafuriko haumfai. Makazi yake ni vidimbwi vinavyoachwa pembeni mto unapopungua, na kingo za malambo zenye majani, matete na yungiyungi. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili hivi, vidimbwi hivyo hujaa, kisha hunywea mwezi baada ya mwezi. Kiangazi kinapokaza, samaki hubanana kwenye maji machache yaliyobaki, konokono nao hubanana humohumo, na watu huingia kwa wingi kwa kuwa sasa samaki ni rahisi kukamata. Vimelea, samaki na wavuvi hukutana kwenye dimbwi moja lenye kina cha mapaja. Baadhi ya konokono hao huweza hata kujifukia kwenye tope likaukalo, wakasubiri mvua na kuanza upya, jambo linaloeleza kwa nini lambo lililokauka kabisa mwezi wa Oktoba linaambukiza tena mwaka ufuatao.

Namna ya kuvua ina uzito kuliko idadi ya siku za kuvua. Anayetupa ndoano akiwa amekaa ukingoni pakavu, au akiwa ndani ya mtumbwi, hugusa maji kidogo. Anayetega mgono huingia mara mbili, kuuweka na kuutoa. Wanaokokota wavu hukaa majini hadi kiunoni kwa saa nzima au zaidi. Wanawake na wasichana wanaovua kwa vikapu au kwa kutanda kitambaa katika vidimbwi vinavyonywea huinama, wakalowa mwili mzima, na mara nyingi hawahesabiwi kuwa wavuvi na yeyote, hata na wao wenyewe. Mhudumu akiuliza, "Mama, wewe ni mvuvi?" atajibiwa kwamba yeye ni mkulima. Swali lenye tija ni hili: "Mama, mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa lini, na ulifuata nini?" Majibu yatakuwa samaki, maji ya kupikia, nguo za kufua, mpunga, na kila jibu ni mlango wa kichocho.

Lipo pia jambo la chandarua. Vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria huonekana mara kwa mara vikiwa nyavu za kuvulia. Wizara na wataalamu wa uvuvi hulilalamikia jambo hili kwa sababu mbili zilizo sahihi: matundu madogo hunasa vifaranga wa samaki, na dawa iliyomo ni sumu kwa viumbe wa majini. Sababu ya tatu husahauliwa. Chandarua hakitupwi kutoka mbali kama wavu wa kurusha. Kinahitaji watu wawili au wanne wa kukivuta wakiwa ndani ya maji, na mara nyingi ni watoto. Kwa hiyo kinaacha kitanda bila kinga ya malaria usiku na kuwapeleka watoto kwenye kichocho mchana. Hata hivyo, kumkemea mama aliyekishusha chandarua kitandani bila kumuuliza nyumbani kuna kitoweo gani ni kazi ya bure.

Dalili ya kwanza inayomshtua mtu ni damu mwishoni mwa haja ndogo, pamoja na maumivu na kukojoa mara kwa mara. Mahali ambapo kichocho kimezoeleka, mshtuko huo hufa. Wapo wavulana wanaoamini kwamba damu hiyo ni hatua ya kukua, kama kubadilika kwa sauti. Mtu mzima huwaza kinyume: anadhani ni ugonjwa wa zinaa, anaona aibu, anakaa kimya au ananunua vidonge dukani. Akifika kwenye zahanati huandikiwa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo mitaani huitwa yutiai, mara moja, mara mbili, mara tano. Damu hupungua yenyewe kwa muda, kama ilivyo tabia yake, na mgonjwa husema dawa imemfaa. Mtu mzima wa bondeni anayeandikwa kwenye daftari kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo kwa mara ya tatu ndani ya mwaka anastahili kutafutiwa mayai ya kichocho kabla ya kupewa antibayotiki nyingine.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mayai hutoka kwa wingi katikati ya mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na matembezi au mazoezi mepesi kabla ya kukojoa huongeza uwezekano wa kuyaona. Mkojo wa alfajiri, unaofaa kwa vipimo vingine, haufai hapa. Mililita 10 zilizochujwa au kuzungushwa kwenye mashine na kutazamwa kwa hadubini zinatosha, na pale pasipo na hadubini, kijiti cha kupimia damu kwenye mkojo ni msaada mkubwa. Mwanamke aulizwe kwanza kama yuko kwenye hedhi. Kipimo kikiwa safi ilhali historia ya mgonjwa ni nzito, kirudiwe siku nyingine, kwa sababu mayai hayatoki kwa idadi ileile kila siku.

Asiyetibiwa hupita miaka bila kujua kinachoendelea. Ukuta wa kibofu hukakamaa, mirija ya kutoa mkojo kwenye figo hubanwa, na figo huharibika kimyakimya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mnyoo huu mwaka 1994 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Saratani ya kibofu inayotokana na kichocho humshika mtu akiwa bado na nguvu za kulima na kulea, mapema kuliko saratani ya kibofu ya nchi zisizo na kichocho. Mvuvi wa miaka 45 anayekojoa mabonge ya damu na kupungua uzito asiishie kupewa vidonge vya kichocho. Apelekwe kunakofanyika kipimo cha kuangalia ndani ya kibofu. Vidonge huua minyoo, lakini havina nguvu juu ya saratani.

Kwa wanawake hali ni ya siri zaidi. Mayai hunasa kwenye mlango wa kizazi na ukeni na kuleta mabaka yanayofanana na chembe za mchanga, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, majimaji, maumivu na hata ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake milioni 56 barani Afrika wana tatizo hili. Utafiti uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanawake wenye mabaka hayo walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu zaidi kuwa na virusi vya Ukimwi. Mwanamke wa namna hii huitwa mgonjwa wa zinaa, mumewe huitwa atibiwe, ndoa hutikisika, wakati kosa lake ni kuvua kambale. Wauguzi wanaofanya uchunguzi wa awali wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kupaka siki wana nafasi ya pekee ya kuyaona mabaka hayo, mradi wamefundishwa kuyatambua. Tiba ya mapema ni muhimu sana hapa, maana makovu yakishakomaa, dawa huua minyoo lakini mabaka huweza kubaki.

Dawa ni prazikwanteli, na ni ya bei ndogo ukilinganisha na madhara inayoyazuia. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Inywewe baada ya kula, kwa kuwa tumbo tupu huzidisha kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na wenye minyoo mingi ndio wanaoona madhara zaidi. Ni busara kumweleza mgonjwa hivyo mapema, la sivyo mwaka unaofuata ataikimbia. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza na mama anayenyonyesha wanaweza kuipata. Mwenye historia ya kifafa, hasa anayetoka kunakofugwa nguruwe, achunguzwe kwanza na daktari, kwa kuwa dawa hii huweza kuamsha madhara ya minyoo ya tegu iliyojificha kwenye ubongo. Mgonjwa ajue pia kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa, wala haiigusi sana michanga aliyoipata wiki chache zilizopita. Kwa hiyo mvuvi aliyetibiwa katikati ya msimu arudi kupimwa baada ya wiki 6 hadi 8, na akikutwa na mayai hai apewe tena.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele umekuwa ukigawa kingatiba kupitia shule za msingi, na watoto wengi wamenufaika. Lakini mvuvi wa miaka 30 hayupo darasani, wala mtoto wa miaka minne anayebebwa mgongoni mama yake akitanda kitambaa dimbwini. Mwezi Februari 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopendekeza kwamba mahali penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, kingatiba iwafikie wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Kwa bonde la Ruvuma hili lingekuwa badiliko kubwa, na pengine mahali pa kuligawia si shuleni bali kwenye mnada wa samaki.

Je, konokono wenyewe wasiuawe? Hapa mvuvi na mganga huweza kugombana, na mvuvi ana hoja. Dawa inayotumika kuua konokono, niklosamidi, huua samaki pia. Kuimwaga kwenye lambo ambalo kijiji kinalitegemea kwa kitoweo bila kukubaliana na wenyewe ni kuwapa watu sababu ya kuwachukia wahudumu wa afya. Unguja na Pemba, ambako tangu mwaka 2012 dawa za watu, dawa za konokono na elimu ya tabia vilijaribiwa kwa miaka kadhaa, maambukizi yalishuka sana lakini usambaaji haukukatika. Kwa upande mwingine, wapo wavuvi wanaotumia utupa, mmea ambao majani yake yaliyopondwa hulewesha na kuua samaki. Uvuvi wa sumu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na huacha maji yakiwa matupu. Tena kuna ushahidi kutoka Ziwa Nyasa, kule Cape Maclear nchini Malawi, ambako watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono. Nchini Senegal, bwawa la Diama lililokamilika mwaka 1986 liliwazuia kamba wa mtoni kupanda, na kichocho kikalipuka. Watafiti walipowarudisha kamba hao kwenye kituo kimoja cha maji, konokono wenye vimelea walipungua. Kwa hiyo mwenye kulinda samaki wake anaweza kuwa anailinda na afya yake.

Kuhusu bwawa la kufugia, ambalo maofisa wa kilimo wanalihimiza Masasi na Newala, ushauri ni mwepesi kuliko ule wa mtoni: kingo zikatwe wima kiasi, majani yafyekwe, choo kijengwe mbali na kitumike, na samaki wavunwe kwa wavu wa kuvutwa kutoka ukingoni. Bwawa lililotelekezwa likaota matete ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa.

Mvuvi wa dimbwini huulizia zaidi saa za kuvua. Vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 au 9 alasiri. Kuvua alfajiri hupunguza hatari ya kichocho. Lakini kando ya Ruvuma, alfajiri na jioni ni saa za mamba na kiboko, na hakuna daktari mwenye haki ya kumpeleka mtu kwa mamba ili kumwepusha na konokono. Kwenye malambo yasiyo na wanyama hao ushauri wa alfajiri unafaa. Mtoni, mtumbwi na ndoano ni bora. Mabuti marefu ya mpira husaidia kwa maji ya magotini, yakishavuka kiuno hayana maana. Kujikausha kwa taulo si kinga ya kutegemewa, kwa sababu vimelea vinaweza kuwa vimeshapenya. Maji ya kuoga yaliyochotwa na kuachwa kwenye chombo safi, bila konokono, kwa siku mbili huwa salama, na yaliyopashwa moto hadi nyuzi 50 kwa dakika 5 hayana haja ya kusubiri.

Swali jingine huulizwa karibu kila mahali, na jibu lake huwafariji watu: kichocho hakipatikani kwa kula samaki. Perege wa dimbwi lenye konokono, akiiva, ni chakula kizuri kwa mtoto, mjamzito na mgonjwa. Hatari iko kwenye kumparia na kumwosha pale ukingoni, miguu ikiwa majini. Apelekwe nyumbani, aoshwe kwa maji ya bomba au ya kisima cha mvua, ndipo abanikwe.